Munguri na Chisalu wafundishe walimu?

Kila Dodoma inapozungumzia uhaba wa walimu vijijini, hoja hii hurudi: kwa nini vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile tunavyoviita FDC, navyo visifundishe ualimu? Kondoa kuna Munguri, Mpwapwa kuna Chisalu. Binti wa Kwa Mtoro au wa Kibakwe angesoma jirani na kwao, akarudi kufundisha kwao, asianze kuhangaikia uhamisho hata mwaka haujaisha.

Hoja hiyo niliishika yote kwa muda mrefu. Siku hizi nimebaki na nusu yake.

Nusu niliyobaki nayo ni hii. Mtoto wa awali Farkwa anaweza kuja shuleni na Kisandawe tu, wa vijiji vya Kondoa akaja na Kirangi, wa Mvumi na Kigogo. Kiswahili wanakikuta darasani, na wengine wanakikuta kwa machozi. Mwalimu anayeweza kumtuliza mtoto kwa lugha ya mama yake wiki zile mbili za kwanza, kisha akamvusha taratibu kwenda kwenye Kiswahili, ana kitu ambacho semina haimpi mtu. Tena mwalimu mwenye shamba na wazazi hapo hapo haulizi kwanza nyumba ya mwalimu iko wapi. Kiangazi cha huku, cha kugombea maji na ng'ombe kisimani, amekizoea tangu utoto.

Vyuo vyenyewe navyo si vigeni kwa watu wa aina hiyo. Vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na mlango wake haukuwahi kuwa mwembamba kama wa vyuo vingine. Miaka ya karibuni vimepokea wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito. Kwa mpango wa Elimu Haina Mwisho wanasoma sekondari upya na kujifunza stadi za kazi, huku watoto wao wakiwa kwenye chekechea ya chuo. Mama wa miaka 20 aliyerudi darasani kwa shida hiyo, akamaliza kidato cha nne, huwezi kuniambia hafai kuwa mwalimu kwa sababu tu njia yake haikunyooka.

Lakini nchi hii ina kumbukumbu ya walimu wa haraka haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, ilitakiwa ifikiwe kufika 1977. Wahitimu wa darasa la saba wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Bila wao shule nyingi za vijiji zisingefungua milango, jambo tunalolisahau upesi, ila "mwalimu wa UPE" likageuka jina la kejeli. Zilipokuja shule za kata, vijana wa kidato cha sita wakapigwa msasa wiki chache na kukabidhiwa madarasa. Mtaa ukawabatiza "Vodafasta", kwa jina la huduma ya simu ya kuongeza salio chap chap. Kejeli ilimwangukia mwalimu, aliyempeleka darasani hakuguswa.

Dodoma tuna la kwetu pia. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa masomo ya sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, baada ya wahadhiri kuacha kuwafundisha kwa madai ya malipo. Majengo yalikuwepo na vitanda vilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema kuhusu nani atafundisha na atalipwa nini. Anayetaka kuanzisha ualimu FDC aanze na ukurasa huo wa bajeti.

Ni ukurasa mzito. Ualimu unataka mkufunzi wa hisabati anayejua hisabati na anayejua pia mtoto anakwama wapi kwenye kutoa kwa kukopa. Unataka shule ya mazoezi, na nauli ya wakufunzi kuwafuata wanachuo kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni. FDC ina mafundi wa useremala, ushonaji, umeme na kilimo, wengine hodari kweli kweli, lakini fundi wa cherehani hageuki mkufunzi wa saikolojia ya elimu kwa barua ya uhamisho. Na mwelekeo wa serikali sasa ni kuachana na ualimu wa cheti na kuanzia stashahada. Halafu Kondoa hiyo hiyo ina Chuo cha Ualimu Bustani, na Mpwapwa ina chuo cha ualimu cha tangu enzi za Mwingereza. Sioni sababu ya kuwasha jiko jingine mlango wa pili.

Bado hapo sijafika kwenye kinachonisumbua zaidi. Watetezi wa hoja hii hupenda kuitaja Marekani, ambako mwaka 2001 jimbo la Florida lilikiruhusu chuo cha jamii cha St. Petersburg kutoa shahada za ualimu. Mfano ni wa kweli, ila una kipande kinachoachwa nje: kule wilaya ya shule ndiyo inayoajiri walimu wake, kwa hiyo kijana akisomea nyumbani anaweza kuomba kazi nyumbani. Mwalimu wa serikali wa kwetu huajiriwa kitaifa na kituo hupangiwa. Binti wa Kwa Mtoro atasomea Munguri, akipata ajira anaweza kupangiwa Kilwa, na yule wa Kilwa akaletwa Kwa Mtoro na Kiswahili chake kizuri. Faida yote ya ukaribu inayeyuka siku ya kupangiwa vituo. Tena hapo nimesema akipata, maana walimu wenye vyeti walio mitaani bila ajira ni wengi, na kuongeza chuo hakuongezi nafasi.

Kwa hiyo ningeanzia pasipohitaji kibali cha ajira cha taifa: vituo vya kulelea watoto wadogo vijijini, wale ambao bado hawajafikia darasa la awali. Kijiji chenyewe ndicho kinachochagua mlezi, na mlezi hahami. FDC ina chekechea ya kufanyia mazoezi, wakufunzi wa Bustani wangekuja mara mbili kwa wiki, na cheti atakachopewa mlezi kingehesabiwa akitaka baadaye kuendelea na stashahada huko huko Bustani. Kisipohesabiwa, tutakuwa tumetengeneza Vodafasta wengine, safari hii wa chekechea.

Linabaki la malipo, na hapo sina wepesi. Mchango wa wazazi unategemea mavuno. Mwaka wa mtama mzuri mlezi analipwa. Mwaka wa ukame anafundisha bure mpaka Machi, kisha anapanda basi kwenda mjini kuuza kwenye duka la mtu, na watoto wanarudi kukaa chini ya mbuyu. Posho ya mlezi mmoja kwa kila kijiji ni fedha ambayo halmashauri inaweza kuitenga kwenye mapato yake ya ndani, na ingekuwa vyema itengwe kabla Munguri haijapokea mwanachuo wa kwanza.