Umeme Ukikatika, Mpira Unaanza

Jumamosi moja alasiri niliingia kwenye chumba cha PlayStation katika komine ya Kenya (Kenya yetu, kata ya mji wa Lubumbashi, Kongo, si ile ya Nairobi) kumtafuta mtoto wa dada yangu. Chumba ni cha mabati, kina skrini nne, mabenchi na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Vijana walijaa tele: wawili kwa kila skrini, wengine wamesimama nyuma wakingoja zamu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kwenye skrini wachezaji ishirini na wawili walikuwa mbioni. Mle chumbani vilivyokimbia ni vidole gumba tu.

Mara umeme ukakatika. Waliguna kwa pamoja, na kabla sijaufikia mlango walikuwa wameshanipita. Mmoja alichomoa chini ya benchi mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba, wengine wakapanga mawe mawili huku na mawili kule, barabara ya vumbi ikawa kiwanja. Robo saa nzima walikimbizana, jasho linawatiririka, mwenye kandambili amezivua na kuzivaa mikononi. Kisha sauti ikatoka ndani: "Imerudi!" Hakuna aliyeuliza kilichorudi ni nini. Mpira ulibaki mferejini.

Robo saa ile hunirudia kila ninapokutana na hoja kwamba michezo ya video, badala ya kupigwa vita, itumike kuwavuta vijana wafanye mazoezi. Haisemi juu ya ile ya kukaa na kubonyeza. Inasema juu ya michezo inayochezwa kwa mwili. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution, ambayo mchezaji hukanyaga mishale sakafuni kwa kufuata muziki. Mwaka 2006 ikaja Wii ya Nintendo, unapunga mkono na tenisi inachezeka. Mwaka 2010 Microsoft ikaleta Kinect, kamera inayousoma mwili wote. Mwaka 2016 Pokémon Go ikawatoa watu majumbani, simu mkononi, wakisaka vinyama visivyokuwepo.

Wanaoitetea hoja hii hawaongei hewani. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutikisa mwili sawasawa. Uchunguzi wa takwimu za nchi 146 ulionyesha kuwa mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachotakiwa: wavulana 78 katika kila mia, wasichana 85. Ukiona namba kama hizo, huna haki ya kumcheka anayejaribu dawa yoyote. Jimbo la West Virginia, Marekani, lenye shida kubwa ya unene wa watoto, lilitangaza mwaka 2006 mpango wa kupeleka ule mchezo wa kukanyaga mishale katika shule zake zote 765 za umma. Na mantiki ipo: mtoto anayeogopa kuchekwa uwanjani, ambaye hupangwa wa mwisho kila timu zinapochaguliwa, hupata mahali pa kutoa jasho bila macho ya watu.

Shida huanza unapofuatilia kitu hicho kinadumu muda gani. Watafiti wa Liverpool walipima vijana wachache wakicheza Wii mwaka 2007. Miili yao ilitumia nguvu nyingi kuliko kwa michezo ya kukaa, ila haikufikia ile ya tenisi au ndondi zenyewe. Hilo ni la kutarajiwa, maana mwenye Wii hugundua upesi kwamba tenisi unaweza kuishinda umekaa kwenye kochi, ukitikisa kifundo cha mkono. Huko Houston, Marekani, watoto waligawiwa Wii, kundi moja likapewa michezo ya kuruka, jingine ya kukaa. Wote walivalishwa vipima mwendo, wakafuatiliwa wiki 13. Matokeo yalichapishwa 2012: wenye michezo ya kuruka hawakuonekana wamejongea kuliko wenzao. Pokémon Go ilifanya vizuri zaidi, kwa kitambo. Vijana wa Marekani waliochunguzwa waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku katika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi pale pale walipokuwa kabla ya kuipakua.

Wiki sita! Hata kufungwa kwa barabara yetu kwa ukarabati hudumu zaidi.

Lakini matokeo hayo yalipimwa kwa watoto wenye vyumba vyao, umeme usiokatika na mashine iliyotolewa bure. Sisi tuna swali jingine la kujibu kwanza: vijana wetu wanaumwa ugonjwa upi? Wazazi wengi hapa wana jibu tayari, ni uvivu, na kilichouleta ni PlayStation. Wale wa chumba cha mabati hawakuwa wavivu. Niliwaona. Nilipomuuliza mmoja kwa nini hawachezi nje tangu asubuhi, alinitazama kama mgeni wa mji, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, tutaenda wapi? Kwenye tulikuwa tunacheza, wamejenga." Ni kweli. Kiwanja tulichochezea sisi, nyuma ya shule, kilikatwa vipande kikauzwa. Leo kina maduka na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Kwa hiyo anayeilaumu mashine ameupindua mfuatano: kiwanja kilitangulia kuondoka, chumba cha mabati kikaja kuziba pengo.

Ningependa kuishia hapo, ila robo saa ile ina ushahidi wa upande wa pili pia. Umeme uliporudi, mpira ulitupwa. Barabara ilikuwepo, mawe yalikuwepo, miguu ilikuwa imeshapata moto, hata hivyo waliingia ndani kwa mbio zile zile walizotokea. Skrini ina kitu ambacho barabara haina, na nikikaa kuwatazama naona si picha wala makelele. Ni kuhesabiwa. Mle ndani kila bao linaandikwa, kila mshindi ana jina, Jumapili kuna shindano, na aliyefungwa jana anadaiwa mechi ya kulipiza. Nje, mpira wa dharura hauna rekodi. Hakuna anayedaiwa.

Kuhesabiwa peke yake hakutoshi, Pokémon Go ilihesabu sana na bado watu walichoka. Chumba cha mabati kinahesabu mbele ya wenzako, wale wale, kesho tena. Hicho ndicho ningekiiba kutoka kwenye michezo ya video, mashine niiache. Kwa sababu mashine huzeeka vibaya: Kinect ilisifiwa dunia nzima, na mwaka 2017 Microsoft ikaacha kuitengeneza. Shule iliyojenga saa yake ya mazoezi juu ya kifaa kama hicho hubaki na chuma chakavu, tena huku kwetu hata hicho chuma ungekinunua kwa dola.

Wasichana ndio wanaonifanya nisiifunge kesi haraka. Mle chumbani hakuwemo hata mmoja, na barabarani pia hakuwemo. Binti yangu wa miaka kumi na minne hapewi ruhusa ya kuzurura jioni, nami ni mmojawapo wa wanaomnyima. Lakini mkute nyuma ya nyumba, simu ameiegemeza kwenye ndoo, anajifunza hatua za dansi za video ya sekunde chache: anarudia, anakosea, anarudia, mpaka fulana imelowa. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Kwake yeye, hoja ya kutumia skrini inasimama kabisa, na msimu wa mvua, barabara zinapokuwa tope, inasimama zaidi.

Hata hivyo Kongo ilishakuwa na mchezo wa kukanyaga kwa mdundo kabla Konami haijafikiria mishale. Ni nzango: wasichana safu mbili zinatazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wawili wanaruka na kutupa mguu mbele kwa wakati mmoja, na pointi inategemea miguu imekutanaje. Ng'ambo ya mto Kongo, katika nchi jirani ya Kongo-Brazzaville, waliuandikia kanuni ukawa mchezo rasmi wenye timu za watu wazima. Kwetu mitaani msichana akianza kuitwa "mkubwa" anauacha, kwa aibu tu. Huyo hangehitaji kamera. Angehitaji shindano lenye kikombe na mama yake akiwa miongoni mwa watazamaji.

Na wanaoapa kwamba skrini haiwezi kumwinua mtoto wamesahau Desemba 2010, klabu yetu ya Lubumbashi, TP Mazembe, ilipoifunga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kidiaba, kipa wao, alisherehekea kwa kuruka-ruka ameketi, na mtaani kwetu watoto waliomwona kwenye skrini waliharibu kaptula wakimwiga.

Kabla ya kuondoka nilimpa mwenye chumba wazo langu: shindano lake la Jumapili liwe la awamu mbili, nusu skrini, nusu barabarani, mabao yajumlishwe kwenye ubao ule ule. Alicheka. "Mzee, hiyo ya barabarani nani atanilipa?" Sikuwa na jibu, na bado sina, shule au parokia ingeweza kuwa nalo, maana haziuzi dakika za kucheza kama yeye.

Mpwa wangu alirudi usiku ule akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza nani alishinda. Akanitajia matokeo ya mechi zote nne, pamoja na majina ya wafungaji. Nikamwambia, hapana, ile ya nje.

"Ile?" akasema. "Ile hatukuhesabu."