Poti Imefungwa, Mzee

Nimefanya kazi bandari ya Kilindini miaka 22, kwa hiyo neno poti hunifundishi. Basi juzi kijana wa faiba kaja nyumbani, Mji wa Kale, kachuchumaa mbele ya kile kidude chake chenye vijitaa, kaguna, kisha kanigeukia: "Mzee, naona poti imefungwa." Nikatafuta makubadhi yangu. Nilidhani kuna mgomo.

Kumbe poti yake ni mlango wa nambari ndani ya kompyuta. Kila kazi na mlango wake; kurasa zenye kufuli hupitia 443, na milango yote kwa jumla yapita 65,000. Nikamwambia, mwanangu, sisi gati zetu ni za kuhesabu na meli zashusha mizigo. Wewe una milango 65,000 na binti yangu bado hapiti?

Binti yangu yuko Maskati. Kila Ijumaa baada ya sala hunipigia kwa video, na kila Ijumaa uso wake huganda, mdomo wazi, macho yametoka, kama changu kwenye meza ya muuza samaki. Mimi naitikia marahaba, mwenzangu keshafika kwenye meno ya mjukuu. Kijana akasema hizo ni pakiti, vipande vya habari, zinapotea njiani. Pakiti! Ukifungua ukurasa, pakiti ikipotea hutumwa nyingine. Video ya simu haina subira hiyo, iliyopotea imepotea, safari yaendelea. Amesema hivyo bila hata aibu. Kwetu bandarini mzigo ukipotea, hulala mtu kituoni.

Haya, nikamwuliza, na ile mega 10 ninayolipia kila mwezi yaenda wapi? Maana nikipakua video ya harusi ya mpwa wangu, kompyuta yaniandikia 1.2. Akatabasamu vile wanavyotabasamu vijana mbele ya wazee. "Mzee, wewe walipia megabiti. Kompyuta yahesabu megabaiti. Biti 8 ndiyo baiti 1."

Yaani naandikiwa bei kwa kibaba, napimiwa kwa pishi! Na afadhali pishi la marehemu bibi, lilikuwa vibaba vinne. Hili lao vinane. Nikagawanya 10 kwa 8 nyuma ya risiti, nikapata 1.25. Nikarudia mara tatu nikitafuta wizi, sikuuona. Eti siri iko kwenye herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Kwa miwani hii?

Neno moja tu ndilo lililoniingia, latensi. Kijana alihangaika kunieleza inavyotofautiana na upana wa laini, hadi nikamwonea huruma nikamsaidia. Feri ya Likoni. Inavyobeba umati kwa safari moja, huo ni upana. Lakini ukifika imeshang'oa, utasimama pale na kapu lako mpaka irudi, hata kama uko peke yako na umebeba ndimu mbili. Hiyo ndiyo latensi. Akaiandika kwenye simu yake. Najua atakwenda kuwafundishia wengine wala hatanitaja.

Zamani walau modemu, kile kidude cha kuingia mtandaoni kwa laini ya simu, ilikuwa na adabu. Saiba za mwaka 2000 mnazikumbuka? Ilipiga simu kama mtu, halafu kiiii, khrrrr, ding'ding'. Zile kelele zilikuwa modemu mbili zikiamkiana, zikipatana ziende mwendo gani. Shikamoo. Marahaba. Waweza kilobiti 56? Siwezi, laini mbovu, twende 33. Ndipo kazi ianze. Ya siku hizi yakukodolea taa nyekundu tu, salamu hakuna.

Mwishowe kijana akashika simu yake akaizungusha nyumba nzima. Ukumbini penye rauta, kile kidude cha vijitaa kinachorusha mtandao hewani, mshale wapaa. Akiingia chumbani kwangu, chapwa. Akarudi, akaugonga ukuta kwa konzi. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, kaujenga babu yake babu. Mawimbi ya gigahezi 5 hapo hayana lao; ya 2.4 yapenya, lakini yafika yakihema. Poti, masikini, ikaonekana haina hatia.

Sasa hebu nifikirieni. Tangu 2009 kuna waya umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi hapa hapa Mombasa, zaidi ya kilomita 4,000, na habari yaupita wote kabla hujakopesa jicho. Imevuka vilindi, imefika mjini, imepanda ngazi zangu, imeingia ukumbini. Imekuja kukwama kwa babu.

"Tuihamishe rauta," kijana akashauri. Mke wangu akasema ikihama na yeye atahama, hataki waya upite juu ya kabati la vikombe vyake. Maneno yakaishia hapo.

Kuna mlango mmoja tu unaotazamana na rauta bila ukuta katikati. Ijumaa iliyopita nimezungumza na binti yangu dakika 40, hakuganda hata mara moja. Nikayaona na hayo meno ya mjukuu, mawili, ya chini. Ila akaniuliza, "Baba, mbona sauti yako ina mwangwi?"

Nikamwambia nimepita Ngomeni kidogo, kunyoosha miguu.

"Na hilo birika nyuma yako?"