Natania Jamani

Nianze kwa kukiri: nilicheka. Tena nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Ilikuwa kampeni za mwaka 2015, mwezi wa tisa, korosho changa zimeanza kuning'inia. Mgombea udiwani kasimama juu ya pikapu kwenye kiwanja cha mpira, kata moja pembezoni mwa Mtwara mjini. Akasema mpinzani wake ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mwaka mzima humwoni, mikorosho ikitoa maua tu, huyo kafika, na akiondoka anakuachia shamba limepauka. "Na dawa yake mnaijua," akajipiga kifua. "Salfa ndiyo mimi!" Kwa watu wanaobeba mashine ya kupulizia mgongoni kila msimu, huo si mzaha wa kuupita hivihivi. Mzee mmoja mbele yangu alivua barakashia akawa anajipepea nayo, kicheko kimemwishia pumzi.

Kisha jamaa akashusha sauti. Kura ni amana, akasema, na amana ina kuulizwa. Siku ya Kiyama kila mmoja atasimama aeleze kata yake alimkabidhi nani. Mtu asiyejua hata kibla kiko upande gani, mkimpa nyinyi, mtamjibu nini Mola wenu? Uwanja ukawa kimya, jenereta tu ndilo likinguruma. Alipoona tumenyamaza kupita kiasi, akapanua mikono: "Natania jamani!" Tukacheka tena, ila hicho kilikuwa kicheko cha kushusha pumzi.

Chama chake sikitaji, kwa sababu siku chache baadaye nilimsikia wa chama kingine akisema karibu yaleyale. Huyo hata ule mzaha wa ubwiri unga hakuwa nao.

Kuna watakaoniambia siasa bila utani hazinogi, na huku Kusini utani ni mila. Nakubali. Mtani wako anaweza kuja msibani akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini utani una sharti lake: leo wewe, kesho mimi. Yule juu ya pikapu ana kipaza sauti, ana vijana wa fulana zinazofanana, ana ngoma. Nani pale chini angemjibu? Mtu akikutania nawe huna ruhusa ya kumrudishia, huyo si mtani wako.

Na kile kicheko cha kwanza ndicho kilichofungua mlango. Angeanza na Kiyama, wazee wangemwuliza amesoma madrasa gani. Alianza na salfa, tukamwona mwenzetu, tukalegea, ndipo akaliingiza lake.

Mchezo huu si mpya. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 20, hairuhusu kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani, lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hapajakosekana mtu wa kugawa vyama misikitini na makanisani. CUF ilibandikwa jina la chama cha Waislamu. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa alipogombea urais kwa CHADEMA, upadri wake wa zamani uligeuzwa silaha. Mwalimu Nyerere alishaufananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: ukishaionja, huachi. Wengi huyakariri maneno hayo tarehe 14 Oktoba, halafu kampeni zikipamba moto wanaomba sahani.

Sasa nije kwa Nape Nnauye, mbunge wa Mtama hapo Lindi, maana huyo utani anaujua kweli. Mwaka huohuo wa 2015, akiwa mwenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda hata kwa bao la mkono, na msemo huo mpaka leo unaishi vijiweni. Julai 2024, akiwa waziri, akasikika kwenye video iliyochukuliwa Bukoba akieleza kwamba matokeo ya kura hutegemea nani anahesabu na nani anatangaza, kwamba mbinu ziko halali, nusu halali na haramu, na ukishamaliza unamwomba Mungu akusamehe. Baadaye akasema ulikuwa utani, akaomba radhi. Kabla mwezi haujaisha Rais akatengua uteuzi wake.

Watu walibishana sana juu ya hayo ya kuhesabu. Mimi nilikwama kwenye lile la msamaha. Nilimkumbuka diwani wetu mtarajiwa na Kiyama chake, nikaona kumbe Mungu yuleyule, anayetajwa na wanasiasa walewale, ana sura mbili. Kwa mgombea ni mwepesi wa kusamehe. Kwa mpiga kura ni wa kuulizauliza na kuadhibu.

Namsema shangazi yangu hasa. Jioni ile ya mkutano nilimkuta uani anamenya ming'oko, hana raha. Nilipomwamkia, akaitikia kisha akaniuliza, "Mwanangu, nikimpa yule mwingine, swala zangu zitapokelewa?" Nikacheka, nikamwambia yule alikuwa anatania. Hakucheka. Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia walipita wapambe usiku, wakawapa wanawake wa mtaa khanga na elfu tano tano, halafu wakawashikisha msahafu mmojammoja waape watamchagua nani. Na walipoaga, mmoja akachomekea kwa kuchekacheka kwamba atakayewageuka atasomewa albadiri, kile kisomo cha kumwapiza mtu.

Anayeijua pwani hii anajua albadiri haichekewi. Nilijaribu kumweleza kura ni ya siri. Akaniangalia kama mtoto. "Siri kwa nani?" akasema. Nikakosa jibu, nami ndiye niliyesoma.

Nasikia alikwenda mwenyewe kwa ustadhi wa msikiti wa jirani. Waliyoongea sikuyajua. Hilo lilikuwa kabla ya Jumapili ya tarehe 25 Oktoba, siku ya kupiga kura.

Jumatatu nikapita kwake saa saba mchana na samaki wa kukaanga. Akaniambia niwaachie watoto, yeye amefunga. Sikushangaa, wengi hufunga sunna ya Jumatatu. Jumanne nikamkuta amefunga tena. Jumatano vilevile, kakaa kwenye mkeka, kajifunga ile khanga mpya. Kafara ya kuvunja kiapo, kwa asiye na uwezo wa kulisha maskini kumi, ni kufunga siku tatu.

Sikumwuliza kitu. Magharibi nilimpelekea tende.