Seli za 3T3 au panya mwenyewe?

Mwanafunzi anayetaka seli za panya ana njia mbili. Amuue panya mwenye mimba atoe vijusi, au afungue friza achukue kichupa cha 3T3, yaani ukoo wa seli za panya zinazokuzwa maabara na kugawanyika bila kukoma.

Hizo 3T3 zilianzishwa na George Todaro na Howard Green huko New York mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila siku ya 3 walihamishia seli 300,000 kwenye sahani mpya, na jina likatoka humo. Nyingi zilichoka, chache zikazinduka, nazo zinagawanyika hadi leo. Ni rahisi kutunza na hazigharimu uhai mpya wa mnyama. Ila kromosomu zake zimevurugika, na hilo watetezi wa seli mpya, zile zinazotolewa moja kwa moja kwa panya, hawaachi kulitaja. Wana hoja nyingine nzito zaidi: ukiwa na panya aliyeondolewa jeni fulani, hakuna friza itakayokupa seli zake.

Kazi yenyewe ya kutoa seli mpya haina huruma. Unakatakata kijusi kwa mkasi mpaka kiwe kama rojo, unatia tripsini (kimeng'enya kinachoachanisha seli), unaweka kwenye nyuzijoto 37. Ukiharakisha, unabaki na mabonge. Ukichelewa, seli zinapasuka, DNA inamwagika na kuwa ute unaoziba pipeti (hapo ndipo asubuhi nzima hupotea). Seramu ya ndama ndiyo inayozima tripsini.

Binafsi nina shaka na neno "halisi" wanalolipenda sana watu wa seli mpya. Kwa miaka mingi ilionekana fibroblasti za panya (seli za tishu unganishi, ndizo hizi tunazozikuza) huzeeka haraka kwenye sahani kwa sababu ndivyo zilivyo. Mwaka 2003 maabara ya Judith Campisi huko California ikaonyesha kuwa chanzo kikubwa ni hewa: kwenye oksijeni ya asilimia 20 ziligoma, kwenye asilimia 3, iliyo karibu na hali ya mwilini, ziliendelea kugawanyika. Basi seli iliyotoka kwa panya jana, ikikaa kwenye kabati la kukuzia seli lenye hewa ya kawaida, tayari inajeruhiwa.

Kwa hiyo kwa jaribio la kwanza la sumu ya dawa, mimi ningeanza na 3T3. Panya ningemgusa pale tu swali linapomhitaji yeye, tena mara moja: vijusi vyote vitumike, seli za mwanzo zigandishwe kwenye naitrojeni kimiminika, na maabara ya jirani ipewe vichupa vyake.