Gari Lililolalia Jeki

Niseme mapema kwamba gari halikuwa na tatizo lolote. Mwenye tatizo nilikuwa mimi. Kila nikishaegesha nageuka nyuma kuliangalia, naona ule uwazi kati ya tairi na mudigadi, ngumi nzima inapita na nafasi inabaki, roho inaniuma. Gari zuri kabisa lakini limesimama kama mtu aliyepandisha suruali asilowe.

Basi nikaagiza springi fupi, ili gari likae chini. Sio koilova, zile unazungusha unapandisha na kushusha utakavyo, hizo mfuko ulikataa. Hizi ni springi tu, unatoa ndefu unaweka fupi, shokapu zinabaki zilezile. Maelezo yalisema zinashusha sentimita 4. Sasa chini kabisa kwa herufi za sisimizi waliandika kwamba hizo 4 ni kwa lile toleo la injini ndogo ya petroli, langu mimi ni dizeli, na ile injini ya dizeli ni chuma cha kutosha kuzamisha mtumbwi. Sikusoma. Nani anasomaga?

Jumamosi asubuhi nikamwita shemeji. Gari juu ya jeki ile kubwa ya magurudumu, imeingia kwa mbele hadi kwenye krosimemba, kile chuma kinachokatiza chini ya injini, stendi mbili pembeni, tairi nje, kazi ikaanza. Springi ya zamani haichezewi jamani, imekaa pale imejibana kwa hasira, ukifungua nati ya juu ya shokapu kabla hujaikamata na vile vibanio vya skrubu inakurukia usoni, kwahiyo hapo tulikuwa na adabu, hata kukohoa tunakoholea pembeni. Zile fupi sasa! Zikaingia kwa mkono tu, bila kubanwa, tena zinacheza mle ndani, kloko kloko.

Shemeji akauliza, "Shem, hii si inatakiwa ikaze?"

Nikamwambia we tulia, uzito wa gari utaikaza wenyewe. Nilikisema kwa sauti nzito kitu ambacho nilikuwa nimekibuni muda huohuo. Na kwa kiherehere changu, kabla hatujashusha gari, nikafunga na ule mdomo wa plastiki chini ya bampa, ili likifika chini liwe limekamilika kabisa, nipige na picha.

Tairi zikarudi, stendi zikatoka, mi nikalala ubavu pale mbele nimeshika mpini wa jeki huku chini chini, maana nilitaka kuona kwa macho yangu ule uwazi unavyozibika, nikaanza kuzungusha taratibu na gari likaanza kushuka, likashuka, shemeji anasema eeh, likashuka, anasema eeeh, tairi zikagusa sakafu, mi nashangilia, likashuka tena, mudigadi ikafunika juu ya tairi mambo safi kabisa, likashuka tena kidogo, halafu nikasikia kitu kimesema *kk*. Nikavuta mkono. Bampa lilikuwa limeukalia mpini. Na gari lilikuwa limeikalia jeki.

Shemeji akaenda kuchukua futi, ndo tabia yake. Asubuhi krosimemba ilikuwa sentimita 17 kutoka sakafuni, na kwa hesabu zake jinsi lilivyolala lilikuwa linataka kwenda 11. Jeki yenyewe ikilala kabisa ni 13. Yani lingeshuka zile 4 tulizoahidiwa ingebaki 13 kamili, jeki ingetoka inakwaruza lakini ingetoka. Tumevuta, haitoki. Kuipampu haiwezekani, mpini hauinuki hata unene wa kucha, umebanwa na ule mdomo wa plastiki niliofunga mwenyewe kwa skrubu nane.

"Jeki ya kwenye buti iko wapi?" shemeji akauliza.

Nikanyamaza. Ile jeki ndogo niligawa mwezi uliopita, pamoja na tairi la akiba, kupunguza uzito. Nilisema gari la spidi halibebi mizigo. Shemeji aliniangalia muda mrefu sana.

Mama watoto akatoka, akalizunguka gari mara moja, akasema, "Sasa mbona limeinama hivi, limepoteza kitu?" Kweli bwana, nyuma tulikuwa bado hatujagusa, kwahiyo tako limebaki juu kulekule na pua iko chini inanusa sakafu. Sikumjibu.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, alikuja kuazima spana akakuta msiba. Akainama, akachungulia, akasema hii si pembea tu vijana, mkalie huku nyuma mbele itanyanyuka. Na kwa vile springi za nyuma zilikuwa zilezile za zamani, laini, ilikuwa na akili. Tukafungua buti. Akaingia shemeji, akaingia mama watoto huku ananung'unika, vijana wawili waliokuwa wanapita wakaitwa, na mzee mwenyewe akakaa ukingoni na fimbo yake. Watu watano, tako likazama, mi nimepiga magoti mbele nangojea, mdomo wa plastiki ukanyanyuka unene wa kidole kimoja hivi, nikauchomoa mpini puuu! Vijana wakashangilia wakasimama, gari likarudi chini, kidole changu nilikitoa kwa neema tu.

Sasa nikaupachika mpini ukiwa wima, nikapampu, gari likapanda, tukasukumia mbao mbilimbili chini ya tairi, tukashusha tena, jeki ikatoka. Shangwe. Mzee akauliza, "Na kutoka juu ya mbao utatokaje?" Nikamwambia kwa kuendesha, mzee wangu. Nikawasha, nikaachia klachi polepole, tairi zikadondoka kutoka kwenye mbao, *pwaa*, na ule mdomo wa plastiki ukabaki pale sakafuni umenitazama, skrubu zote nane zimo. Nikakata usukani, tairi likasugua mudigadi kama mtu anayesaga mahindi. Nikazima.

Jumapili tumerudisha springi ndefu, kimyakimya. Mzee jirani alikuja tena, safari hii na kiti.

Zile fupi nimeziweka mtandaoni, nimeandika zimetembea mita mbili. Jana kuna jamaa kapiga simu, swali lake la kwanza, "Bro, zinashusha kweli?"

Nikamwambia ndugu yangu, zinashusha mpaka heshima.