Makala imenukuliwa mara elfu, dripu je?

Mtoto wa kilo 10 analetwa wodini na homa kali, mikono imekuwa baridi. Muuguzi anambinya ukucha, anauachia na kuhesabu: moja, mbili, tatu, na rangi bado haijarudi, dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Kwa miaka mingi kilichofuata hakikuwa na ubishi. Mtoto anatundikiwa dripu, maji yanaingia kwa kasi. Ndivyo miongozo ilivyofundisha, na mingi iliandikwa na watu wenye mashine za kupumulia hatua chache kutoka kitandani.

Mwaka 2011 Profesa Kathryn Maitland wa Imperial College London, ambaye kituo chake cha kazi ni Kilifi, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa FEAST, uliopima tiba hiyo ya maji ya kasi, katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Walikuwa wamefuatilia watoto 3,141 katika hospitali sita: Kilifi, Muheza na nne za Uganda. Wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa kasi walikufa asilimia 10.6 na 10.5, kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Yaani watoto watatu zaidi katika kila mia, kwa tiba iliyodhaniwa inaokoa. Utafiti ulipangwa kufikia watoto 3,600, lakini ulisimamishwa Januari 2011.

Makala hiyo imenukuliwa na watafiti wengine katika makala zao zaidi ya mara elfu moja. Swali langu ni dogo: hiyo elfu inatuambia nini?

Wanaopenda kuhesabu nukuu wana hoja, tena nzito. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h cha kumpima mtafiti: ukiwa na makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40, h yako ni 40. Ni kipimo butu, lakini kinamsaidia mtafiti asiye na mjomba kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Nakiri kwamba nami nikitajiwa jina la mtafiti nisiyemjua, kitu cha kwanza ni kufungua Google Scholar, tovuti inayohesabu nukuu. Na matokeo ya Mbale, Soroti na Muheza yangeishia kwenye ripoti ya kabatini, nani London au Boston angelazimika kuyajibu? Jarida kubwa liliwalazimisha.

Ila wengi walijibu kwa kupinga. Walisema zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, basi matokeo hayo yasibebwe hadi kwa mtoto mwenye maambukizi ya bakteria kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kwenye hesabu, anayekunukuu ili akukosoe na anayekunukuu baada ya kubadili dozi wanaandikwa moja na moja. Makala ya daktari wa Uingereza Andrew Wakefield katika jarida la Lancet ya mwaka 1998, iliyowahusu watoto 12 na kuzua hofu ya chanjo ya surua, ilifutwa na jarida mwaka 2010. Nayo imenukuliwa mno, mara nyingi kwa kulaaniwa.

Kuna na suala la nani anahesabiwa. Jina la pili kwenye makala ya FEAST ni Sarah Kiguli wa Makerere. Wamo pia Robert Opoka, Peter Olupot-Olupot, Samuel Akech na George Mtove. Google Scholar inampa kila mmoja nukuu ileile, na hapo inatenda haki kuliko midomo yetu, maana tukizungumza tunasema tu "utafiti wa Maitland". Muuguzi aliyehesabu sekunde usiku wa manane hana h yoyote.

Kinachonifanya niegemee upande wa wenye mashaka na hesabu ya nukuu ni mwendo wa miongozo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya, lakini likaendelea kuruhusu maji ya kasi kwa mtoto mwenye dalili zote za mshtuko, yaani damu kutozunguka vya kutosha mwilini. Mwongozo wa kimataifa wa Surviving Sepsis Campaign, kampeni ya kuokoa wagonjwa wa maambukizi makali, kwa watoto ulisubiri hadi 2020 ndipo uliposema waziwazi kwamba pasipo wodi ya wagonjwa mahututi, mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka asipewe maji kwa kasi. Miaka tisa. Muda wote huo nukuu zilikuwa zinapanda.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kamati ya vyeo nisingelitupa daftari la nukuu. Ningelisoma, kisha ningempigia simu mganga wa zamu wa hospitali yoyote ya wilaya: yule mtoto wa kilo 10 akifika usiku huu na mikono baridi, bila kuhara, mnamtundikia mililita ngapi, na kwa muda gani?