Picha ya Kibo Ikae Upande Gani?

Jioni moja wiki iliyopita, kwenye steshenari ninapofundisha kompyuta hapa Majengo, Moshi, kijana mmoja mwongoza watalii alinisogezea simu yake akalalamika: "Mwalimu, jana kwenye kompyuta ilikuwa safi kabisa. Huku imekuwaje?" Ukurasa wake wa mtandaoni una picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, aliyoipiga alfajiri kabla wingu halijaufunika mlima, na pembeni maelezo ya njia ya Machame. Kwenye simu picha ilikuwa imemeza theluthi mbili za kioo. Maneno yalibanwa ukingoni moja moja, hadi yakafika kwenye "tutakapowasindikiza". Neno hilo halikupata pa kukaa. Likashuka chini ya picha na yote yaliyolifuata, na ubavuni mwa mlima pakabaki pengo jeupe. (Lugha yetu ina maneno marefu, Mwingereza hapo angeponea chupuchupu.)

Alikuwa ameandika kama alivyofundishwa miaka ya nyuma: img src="kibo.jpg" align="left". Align ni neno la HTML, lugha ya kuandikia kurasa, linaloiambia picha ikae upande gani; left ni kushoto. Na hapo ndipo sisi tunaofundisha tunapogawanyika. Wapo wanaosema align ni maiti, mwanafunzi asiione hata kwa bahati mbaya, aanze na CSS, lugha nyingine inayopanga mwonekano wa ukurasa. Wengine wanasema mtu anataka ukurasa mmoja wa kazi yake, mwacheni aandike neno moja aendelee na maisha.

Hawa wa pili wana hoja kuliko wanavyosikilizwa. HTML 4.01 ya mwaka 1999 iliiweka align kwenye orodha ya vitu vya kuachwa, na HTML5 ya 2014 ikawakataza waandishi wa kurasa kuitumia, lakini vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa, vinaendelea kuitii ili kurasa za zamani zisivunjike. Yaani inafanya kazi leo, na sioni ikizimwa kesho. Halafu kuna furaha ya mwanzo. Nimeona mpagazi aliyeshuka mlimani juzi akiandika left, picha ikahama, akacheka peke yake. Ukimwanzishia mtu kama huyo na mabano ya mawimbi ya CSS, nusu ya kipindi inaliwa na nukta-mkato moja iliyosahaulika.

Ila align ina udanganyifu wake. Left na right (kulia) zinaipeleka picha pembeni, basi mtu anadhani middle au center itaileta katikati ya ukurasa. Haiji. Inachofanya ni kuupanga mstari wa maandishi usawa wa katikati ya picha kwa urefu wake, na picha inabaki palepale kushoto. Kila darasa ninalofundisha, lazima mmoja akwame hapo, anaandika center mara tatu akidhani amekosea herufi. Kwa CSS unaifanya picha iwe boksi lenye mstari wake peke yake, unaipa margin auto (nafasi inayojigawa yenyewe) kushoto na kulia, inakaa katikati.

Sasa upande wa CSS nao usijisifu kupita kiasi. Float, amri ya CSS ya kuisogeza picha pembeni maneno yapite ubavuni, ambayo tunawauzia wanafunzi kama mambo ya kisasa, imo tangu CSS ya kwanza ya Desemba 1996. Kivinjari kikikuta align="left" kwenye picha, kinaichukulia kama float ya kushoto. Kwa hiyo kijana yule angetumia float tupu, simu yake ingeonyesha uozo uleule. CSS inampa kitu kimoja ambacho align haina: sharti. Unaweza kusema picha ikae pembeni pale tu kioo kinapofika upana wa pikseli 600, chini ya hapo ijitegemee. Na kwa kuwa CSS huishinda align zikigongana, hata ukurasa wa zamani unaokolewa bila kufutwa.

Mimi niko upande wa CSS, lakini sababu yangu si hii ya align kupitwa na wakati. Swali la kwanza ni kama maneno yanahitaji kukaa kando ya picha hiyo. Kibo haifafanui sentensi yoyote pale. Ipo ili mgeni aone mlima, atamani. Basi ipewe kioo chote: max-width asilimia 100 (upana usizidi nafasi iliyopo), height auto (urefu ujipime wenyewe), maneno yafuate chini.

Mengine ni ya haraka. Width na height, yaani upana na urefu wa picha, ziandikwe ili maneno yasirukeruke picha inapofunguka. Alt, maneno ya kuielezea picha, iandikwe kwa asiyeona. Na kuipunguza picha kwa width hakupunguzi bando: picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 inapakuliwa yote, hata ukiionyesha kwa 300. Angalia pia jina la faili, maana seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa, zinahesabu Kibo.JPG na kibo.jpg kuwa vitu viwili.

Tukaifuta align, tukaweka mistari miwili ya CSS, akafungua upya kwenye simu. Mlima ukajaa kioo ukingo hadi ukingo. Akashuka hadi mwisho wa ukurasa, penye namba yake ya simu na picha yake ndogo ya pasipoti.

"Na hii nayo niiachie kioo kizima?"

"Hapana, hiyo iweke pembeni."

Akaandika float mwenyewe. Nukta-mkato akaisahau.